Rubani wa Ndege 487

Kapteni Eric Brown wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza alifariki tarehe 21 Februari 2016, akiwa na umri wa miaka 97. Taarifa za kifo chake zilirudia namba moja: 487. Hiyo ndiyo idadi ya aina za ndege alizozirusha kwa mkono wake mwenyewe, rekodi ya dunia ambayo hakuna rubani aliyeikaribia, na haielekei kwamba atatokea. Namba yenyewe imebanwa kweli kweli. Spitfire na mwenzake wa majini, Seafire, alizirusha katika matoleo 14, lakini kwenye hesabu zimeingia kama aina moja tu. Tena iko ya pili, 2,407, ambazo ni mara alizotua kwenye sitaha ya manowari ya kubebea ndege.

Kazi yake ilikuwa kupanda ndege ambayo bado hakuna aliyeijua vizuri, kuifikisha pale inapoanza kukataa, kisha kuirudisha chini na kuwaeleza wahandisi kilichotokea bila kutia chumvi: mabawa yalianza kutetemeka kwa kasi gani, usukani ulikuwa mzito kiasi gani, injini ilichelewa muda gani kuitika. Aliifanya katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, kusini-magharibi mwa London, ambako aliongoza kikosi cha majaribio ya erodinamiki. Marubani wengi wa rika lake walioshika kazi hiyo hawakufika uzeeni. Brown alipoulizwa amepona vipi, alitaja maandalizi. Hakuwasha injini kabla ya kuketi ndani ya ndege na kujua kila swichi iko wapi, kusoma kila kilichoandikwa juu yake, na kumhoji yeyote aliyewahi kuigusa. Akiwa angani aliandika kwenye pedi aliyoifunga gotini.

Alikuwa mfupi. Wenzake walimpa jina la Winkle, yaani konokono mdogo anayeganda kwenye miamba ya pwani. Kimo hicho kina nafasi yake katika habari hii, kwa sababu siku moja kilimwokoa.

Alikulia Edinburgh, Scotland, na katika chuo kikuu cha mji huo alisoma Kijerumani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mapenzi ya urubani yalimwingia mwaka 1936, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya Berlin, pale Ernst Udet, shujaa wa anga wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, alipompandisha kwenye ndege ndogo, akampindua juu chini hadi roho ikafika kooni, kisha akamwambia ajifunze mambo mawili: kurusha ndege na kuzungumza Kijerumani vizuri. Ni simulizi tamu, na Brown aliirudia kwa miaka mingi.

Paul Beaver, aliyemjua kwa muda mrefu na kuchapisha wasifu wake mwaka 2023, alichimba nyaraka akakuta kwamba mambo kadhaa ya utotoni hayaendi sawa na yalivyosimuliwa. Brown alikuwa mtoto wa kulelewa, na asili yake ilikuwa mashariki mwa London, si Scotland. Inafaa kulisema hili waziwazi tunapomkumbuka. Mzee anayeombwa hadithi zilezile kwa miaka 70 huzinyoosha kidogo kila anapozirudia, na mtoto aliyefichwa asili yake, katika zama ambazo jambo hilo lilihesabiwa aibu, alikuwa na sababu ya kujijengea mwanzo mwingine. Lakini kazi yake ya urubani ina mashahidi wa aina nyingine: ripoti za Farnborough, kumbukumbu za meli, picha za filamu, na vitabu vya safari za anga alivyovijaza mstari kwa mstari. Ukubwa wake umesimama juu ya hayo.

Vita vilipozuka Septemba 1939 alikuwa Ujerumani. Alikamatwa, akashikiliwa kwa siku chache, kisha akapelekwa hadi mpaka wa Uswisi na kuachiwa. Alirudi nyumbani akajiunga na jeshi la wanamaji, katika tawi la ndege.

Meli yake ya kwanza ya vita ilikuwa ya ajabu. HMS Audacity ilianza maisha kama meli ya mizigo ya Ujerumani iitwayo Hannover. Waingereza waliiteka mwaka 1940 katika bahari ya Karibi, wakaikata sehemu za juu, wakaitandikia sitaha ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 140 hivi. Haikuwa na banda la ndege chini. Ndege zake sita za Martlet zililala nje, kwenye chumvi na upepo. Kazi ilikuwa kulinda misafara ya meli za mizigo kati ya Uingereza na Gibraltar dhidi ya nyambizi, na dhidi ya ndege kubwa za Kijerumani za injini nne, Focke-Wulf Condor, zilizokuwa zikizitafutia nyambizi mawindo.

Condor ilikuwa na bunduki kila upande. Marubani waliozoea kushambulia kutoka nyuma walijikuta wakila risasi kabla hawajakaribia. Brown aliichunguza, akaona sehemu yenye ulinzi mdogo ni mbele kabisa, kwenye vioo vya marubani. Kumshambulia adui uso kwa uso, ndege mbili zikikimbiliana, kunaacha nafasi ya sekunde chache tu za kupiga na kupinda. Aliangusha Condor mbili kwa njia hiyo, akatunukiwa nishani ya DSC. Hata kabla ya Farnborough tabia yake ilikuwa imeshajionyesha: alitafuta kwanza mashine imekaaje, ndipo akaamua aiingie vipi.

Usiku wa tarehe 21 Desemba 1941, nyambizi U-751 iliipiga Audacity kwa topido na kuizamisha. Brown alikaa majini kwenye baridi ya Atlantiki pamoja na kundi la wenzake. Kwa kumbukumbu yake walikuwa 24 waliojifunga pamoja, na waliotolewa hai ni wawili, wote marubani, kwa sababu majaketi ya kuokolea ya marubani yaliinua kichwa cha mtu aliyezimia juu ya maji, ilhali maboya ya mabaharia hayakufanya hivyo. Wengine walisinzia na kuzama. Hadi uzeeni alilizungumza jambo hili kwa sauti tofauti na alivyozungumza mengine yote.

Farnborough walimchukua kwa sababu alikuwa na kipaji kimoja mahususi: kutua melini. Tarehe 25 Machi 1944 alipewa Mosquito, ndege ya injini mbili yenye mabawa ya upana wa mita 16.5 na uzito wa karibu tani 7, akaambiwa aitue kwenye HMS Indefatigable. Wakati huo ndege za melini zilikuwa ndogo, nyingi zikiwa na injini moja. Mosquito ilihitaji ije polepole kuliko kasi ambayo vitabu viliitaja kuwa salama, la sivyo ingekata kulabu au kukatika mkia inaponasa waya. Brown aliileta ikining'inia kwa nguvu ya rafadha zake, pua juu, ukingoni kabisa mwa kasi ya kuanguka, akaikata moto juu ya sitaha. Kulabu ilishika.

Mwaka uliofuata Ujerumani ilianguka, na Kijerumani chake kikawa na kazi. Alitumwa kukusanya ndege za adui na siri zake kabla hazijapotea. Alizungumza na wabunifu mashuhuri kama Willy Messerschmitt, Ernst Heinkel na Kurt Tank. Alimhoji Hermann Göring. Na Aprili 1945, kwa kuwa alikuwa karibu na alijua lugha, aliombwa awe mkalimani katika kambi ya Bergen-Belsen iliyokuwa imetoka kukombolewa, wakati wa kuhojiwa kwa mkuu wa kambi Josef Kramer na mlinzi wa kike Irma Grese. Maelfu ya maiti zilikuwa bado hazijazikwa. Brown alikuwa amewapenda Wajerumani na lugha yao tangu ujana, na alisema wazi kwamba harufu ya mahali pale haikumtoka maisha yake yote.

Miongoni mwa ndege walizozikuta, moja aliitamani kuliko zote: Messerschmitt 163, Komet. Ilikuwa ndege ndogo isiyo na mkia wa kawaida, inayosukumwa na roketi. Mafuta yake yalikuwa kemikali mbili ambazo zikikutana hulipuka papo hapo, na moja kati ya hizo ilikuwa haidrojeni peroksaidi kali kiasi cha kuyeyusha nyama ya mwili. Wajerumani wenyewe walipoteza marubani wengi humo kwa milipuko, mbali na waliouawa na adui. Iliruka juu ya kigari ambacho kiliachwa kidondoke mara ndege inapoinuka, na ilitua kwa tumbo, juu ya ubao wa chuma, ikiwa imeishiwa mafuta. Kama yamebaki kidogo tangini, mshtuko wa kutua ulitosha kuyawasha.

Wakubwa wa Uingereza hawakuruhusu irushwe kwa roketi. Brown aliona kwamba nafasi ikipita haitarudi, akajipa ruhusa mwenyewe. Hakukurupuka. Kwanza aliirusha ikivutwa na ndege nyingine bila injini, akajifunza inavyoelea na inavyotua. Akakaa na mafundi wa Kijerumani waliokuwa wameihudumia wakati wa vita, akawahoji kwa lugha yao, hatua baada ya hatua. Tarehe 10 Juni 1945, katika uwanja wa Husum kaskazini mwa Ujerumani, kiongozi wa mafundi hao alimwomba jambo moja kabla ya kujaza mafuta: karatasi yenye saini yake, kwamba likitokea la kutokea, wao hawatalaumiwa. Brown akasaini. Kisha akawasha, na kwa maelezo yake alifika kimo cha zaidi ya mita 9,700 kwa dakika 2 na sekunde 45. Ndege za kivita za injini ya pistoni zilizokuwa bora siku hizo zilihitaji muda mara tatu ya huo au zaidi. Alikaa juu kwa dakika chache, mafuta yakaisha, akateleza kimya hadi chini.

Mtu anaweza kusema huo ulikuwa ukaidi, na ulikuwa ukaidi kweli. Lakini tazama alivyoupangilia.

Tarehe 3 Desemba 1945 ndiyo iliyomwingiza katika historia ya wanamaji wa dunia nzima. Ndege za jeti zilikuwa ngeni, na wataalamu wengi waliamini hazifai melini. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Rubani wa ndege ya rafadha akiona anashuka mno huongeza moto, na papo hapo rafadha hupuliza upepo juu ya mabawa na kumwinua. Injini ya jeti ya siku zile, Goblin iliyokuwa ndani ya Vampire, ndege ambayo Brown alitakiwa kuitua melini, ilichukua sekunde kadhaa kupanda nguvu, na hakukuwa na upepo wowote wa rafadha. Anayekosea mwishoni hana pa kujirekebisha. Kwa hiyo Brown alibadili mpangilio wa mawazo: aliamua maamuzi yote yafanyike mapema, mbali na meli, ili anapoikaribia sitaha asilazimike kuomba chochote kwa injini. Upande mwingine, jeti ilikuwa na faida ambayo wapinzani hawakuipa uzito. Hakuna injini ndefu mbele ya macho, rubani anaiona sitaha yote.

Siku ile bahari ya Mlango wa Uingereza ilichafuka. Manowari ya kumpokea, HMS Ocean, ilituma ujumbe kwamba jaribio liahirishwe, lakini Brown alikuwa ameshapaa. Kapteni wa meli, Caspar John, aliiona Vampire ikizunguka juu na akaruhusu. Sitaha ilikuwa ikipanda na kushuka na mawimbi. Brown alisubiri mdundo wake, akaingia, akanasa waya. Kisha akaruka tena na kutua tena. Ndege hiyo, yenye namba LZ551, ipo hadi leo katika makumbusho ya ndege za wanamaji ya Yeovilton, na manowari zote zinazobeba jeti leo, za taifa lolote, zinaendeleza kilichofanyika juu ya Ocean.

Kisha ikaja DH 108.

Kampuni ya de Havilland iliijenga ili kuchunguza mabawa yaliyoelekea nyuma na umbo lisilo na mkia, katika utafiti uliokusudiwa kusaidia ndege ya abiria ya baadaye, Comet. (Hiyo ndiyo Comet iliyotua Entebbe Mei 1952, katika safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti duniani, London hadi Johannesburg.) Jioni ya tarehe 27 Septemba 1946, Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni na rubani wake mkuu, aliipaisha DH 108 ya pili kujiandaa kuvunja rekodi ya kasi. Ilipasuka vipande juu ya mlango wa mto Thames. Mwili wake ulipopatikana, shingo ilikuwa imevunjika. Mdogo wake John alikuwa ameshakufa mwaka 1943, ndege mbili za Mosquito zilipogongana. Baba wa watu hawa alijenga ndege na ndege zikamchukulia watoto wawili.

Brown aliombwa ajue kilichomuua Geoffrey. Njia ilikuwa moja tu: kurudia safari ile kwa DH 108 nyingine, kasi ikiongezwa kidogo kidogo. Kabla ya kupaa alishusha kiti chake hadi mwisho, na alijizoeza kichwani, mara nyingi, namna atakavyorudisha mikono yote miwili kwa upole, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye wenzo wa nguvu za injini, jambo lolote likianza. Akiwa kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, ndege ikienda shwari kwa asilimia 88 ya kasi ya sauti, kila kitu kilivurugika ghafla. Pua ilianza kupanda na kushuka kwa nguvu na kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Kidevu kilipiga kifua, kichwa kikarushwa nyuma, kikarudi mbele, tena na tena. Hakuweza kufikiri. Mikono ilifanya ilichozoezwa, ikavuta taratibu, na mtikisiko ukakoma.

Alipotua jibu lilikuwa mikononi. Geoffrey de Havilland alikuwa mrefu. Katika mtikisiko kama ule kichwa chake kiligonga paa la kioo. Cha Brown hakikufika. DH 108 zilikuwa tatu, na zote tatu hatimaye ziliua marubani waliozipaisha. Mbili za mwisho zilianguka Februari na Mei 1950.

Si kila alichojaribu kilifaulu. Wakuu wa wanamaji waliwaza kwamba jeti isiyo na magurudumu ingekuwa nyepesi na ya kasi zaidi, ikitua kwa tumbo juu ya sitaha ya mpira. Jaribio la kwanza la Brown huko Farnborough, Desemba 1947, liliishia kwa ndege kuharibika. Alirudia hadi akaweza, na mwaka 1948 alitua hivyo kwenye HMS Warrior. Lakini ndege iliyolala kwa tumbo haisukumiki kupisha inayofuata, wazo likafa. Mwaka 1949 alikuwa akitua na SR.A/1, jeti ya kivita ya kutua majini, karibu na Cowes, ikagonga kitu kilichofichwa na maji, ikapinduka na kuzama. Rubani mkuu wa kampuni, Geoffrey Tyson, alijirusha majini akamshika. Na mengine yalifaulu bila mwalimu: mwaka 1945, alipokwenda na mwenzake kuchukua helikopta za Kimarekani Liverpool, waliuliza nani atawafundisha kuzirusha; sajenti aliyekuwa akizikabidhi aliwapa kitabu cha maelekezo. Walikisoma, wakafanya mazoezi siku hiyohiyo, wakaondoka nazo.

Maisha ya baada ya hapo yalikuwa ya ofisa mwandamizi: kazi Marekani, kisha Ujerumani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 alisaidia kulijenga upya tawi la ndege la wanamaji wa nchi aliyopigana nayo, kisha ukuu wa kituo cha Lossiemouth, Scotland, na kustaafu mwaka 1970. Alikuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Anga. Aliandika vitabu. Aliacha kurusha ndege mwaka 1994. Mwaka 2018 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa kwenye uwanja wa ndege wa Edinburgh.

Kati ya ndege zote, iliyomuuma zaidi haimo katika zile 487. Mwaka 1943 kampuni ya Miles, huko Woodley karibu na Reading, ilipewa kazi ya siri: kujenga M.52, ndege ya kupita kasi ya sauti na kufikia kilomita 1,600 kwa saa. Umbo lilikuwa la risasi, mabawa membamba yenye kingo kali, na mkia ambao ungezunguka wote kwa pamoja badala ya kuwa na kipande kidogo cha nyuma kinachopinda, kwa kuwa karibu na kasi ya sauti kipande hicho hukosa nguvu. Brown alieleza kwamba aliujaribu mkia wa namna hiyo kwenye Spitfire mwaka 1944, akipiga mbizi kutoka juu sana hadi asilimia 86 ya kasi ya sauti. Yeye ndiye aliyekusudiwa kuirusha M.52.

Serikali iliifuta Februari 1946, kazi ikiwa imefika mbali. Ben Lockspeiser, mkuu wa utafiti wa kisayansi wizarani, alieleza kwamba hatari kwa rubani ni kubwa mno. Michoro na vipimo vilikuwa vimeshaonyeshwa kwa Wamarekani, na tarehe 14 Oktoba 1947 Chuck Yeager alivuka kasi ya sauti ndani ya Bell X-1, akiongoza pua kwa kuusogeza mkia mzima. Brown hakumnyima Yeager sifa ya ujasiri. Alichodai ni kwamba Waingereza walikuwa na jibu mkononi wakalitupa. Oktoba 1948 mfano mdogo wa M.52, wenye roketi na usio na mtu, ulidondoshwa kutoka kwenye Mosquito ukafikia mara 1.38 ya kasi ya sauti, ukienda sawa kama wabunifu walivyokokotoa. Mpango wote ukafungwa baada ya hapo. Hadi alipovuka miaka 90, kila alipopewa jukwaa, Kapteni Brown aliyataja matokeo ya jaribio hilo kwa tarakimu, na kusema kwamba angeirusha.